Amplifaya Bubu

Bodi uliyoitengeneza mwenyewe ikikataa kufanya kazi, mkono hukimbilia aisi. Ina miguu mingi, bei yake iko juu, basi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Inang'olewa, inawekwa mpya, na kimya ni kile kile. Mimi aisi huishuku mwisho.

Chukua amplifaya ndogo ya LM386: aisi ya miguu minane, kapasita chache, spika na betri ya volti 9. Kabla ya kuunganisha betri, weka mita kwenye mlio, kisha gusa mguu wa 6, unaopokea chanya, na wa 4, ambao ni hasi. Mlio mfupi ukakoma ni kapasita inajaa. Usiokoma ni shoti. Mara nyingi ni uzi wa shaba ambao dawa haikuula, au tone la lehemu lililoruka. Mulika bodi kwa tochi kutoka upande wa pili, njia za shaba zilizoungana au kukatika zitajionyesha.

Kuna kosa jingine linalosumbua zaidi kwa sababu bodi huonekana safi kabisa. Ukiitazama aisi kwa juu, kikato chake kikiwa juu, mguu wa 1 uko kushoto. Hesabu hushuka upande huo, huvuka, kisha hupanda kulia hadi wa 8. Upande wa shaba mambo hugeuka. Mchoro ukihamishiwa kwenye shaba ukiwa umepinduliwa, wa 1 hukaa mahali pa 8, na chanya ya betri huishia mguu wa 3, unaopokea sauti. Usitupe bodi: lehemu aisi upande wa shaba, miguu itarudi mahali pake. Haipendezi, lakini inapiga.

Sasa washa. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye hasi, nyekundu iguse mguu wenyewe wa 6, si shaba iliyo jirani. Shaba ikiwa na volti 9 na mguu hauna kitu, lehemu haijashika. Ipashe moto tena. Kisha pima mguu wa 5, unaotoa sauti. Kwa aisi nzima hapo utakuta takriban nusu ya betri, yaani volti 4.5. Ukiipata, fungua sauti yote na uguse mguu wa 3 kwa kidole. Spika ikinguruma, tatizo liko kwenye waya wa kuingiza sauti. Ikinyamaza, kagua spika na kapasita iliyo mbele yake.

Spika ikitoa mdundo kama injini ya boti, betri imechoka. Ibadilishe, na uweke kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na mguu wa 6.

Ikiwa miguu yote imeungwa sawasawa na ule wa 5 umeganda kwenye sifuri au karibu na 9, nunua aisi nyingine. Safari hii lehemu soketi kwanza.