Kabla ya kununua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake

Na Daktari Wetu, Mashuuru

Nyumba zinazidi kuchipuka Kitengela, na karibu kila mwenye ua anataka mbwa wa kumlinda usiku. Wengine hununua watoto wa mbwa kwa wachuuzi wa kando ya barabara, wengine kwa jirani, na wengine kwa wafugaji wanaojulikana.

Huenda msomaji akauliza daktari wa binadamu anahusikaje na biashara ya mbwa. Anahusika sana, kwani magonjwa ya mbwa asiyetunzwa huishia kwetu hospitalini, na mara nyingi mgonjwa ni mtoto.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Serikali ilizindua mpango mwaka wa 2014 wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto wa mbwa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kuonekana mzima kwa majuma au hata miezi. Ndiyo sababu hupaswi kupuuza jino la kijibwa ati "anacheza tu". Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Ukianzishiwa chanjo, imalize.

Tegu na minyoo

Hapa Kajiado, kama ilivyo Turkana, kuna pia ugonjwa wa tegu la mbwa. Mbwa hulipata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na kumwingia mtu kupitia mikono au chakula. Uvimbe wenye maji huota polepole katika ini au mapafu, na huenda miaka ikapita kabla mgonjwa kujua. Wengine huhitaji kupasuliwa.

Minyoo ya kawaida nayo hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wa mbwa kabla hajazaliwa. Mayai yake yakimezwa na watoto wanaochezea udongo, viluwiluwi vyake vinaweza kufika machoni na kudhuru uwezo wa kuona.

Maswali ya kumwuliza mfugaji

1. Mama yuko wapi? Mfugaji mwema atakuonyesha mama na mahali anapolala. Anayetaka mkutane barabarani ana jambo analoficha.

2. Umri wake? Asiachishwe mama kabla ya majuma manane.

3. Amepewa dawa ya minyoo? Huanza akiwa na majuma mawili, na kurudiwa kila baada ya majuma mawili. Mama pia hutibiwa.

4. Kadi ya chanjo iko wapi? Iwe na tarehe, sahihi na mhuri wa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi mitatu. Ukiuziwa wa majuma manane, jukumu hilo ni lako.

5. Mbwa hawa hula nini? Akisema matumbo na mapafu mabichi kutoka kichinjioni, ondoka.

Cheti cha East Africa Kennel Club huonyesha ukoo wa mbwa. Si cheti cha afya.

Mfugaji anayejali naye atakuuliza maswali: una ua, una watoto wadogo, nani atamlisha? Usikasirike. Mwogope yule asiyeuliza chochote ila pesa.

Ukishamnunua, mpeleke kwa daktari wa mifugo juma hilo hilo, kisha umchanje kichaa kila mwaka. Wafundishe watoto kunawa mikono baada ya kumshika. Ikiwa bei ya mbwa imekulemea hata huna ya chanjo, subiri kwanza. Ua unaweza kulindwa kwa kufuli kwa miezi michache zaidi.