Unachora kwa simu? Acha kutupaka masizi!

Wiki hii nimetia timu Makwale, Kyela, na nimekuta vijana wamezama kwenye simu. Si mapenzi, ni kuchora! Kijana akimaliza sura kwa penseli anaipiga picha, anaiingiza kwenye programu, anaanza kumwaga rangi. Safi sana. Ila jamani, mbona mnatupaka masizi?

Nazungumzia ngozi. Wengi wanaoanza huchukua kahawia moja, kivuli wanaongeza nyeusi, mwanga wanaongeza nyeupe. Bibi harusi wa watu anatoka kama kafufuka juzi! Nyeusi inaua kahawia, nyeupe inaitia majivu. Toka nje asubuhi umtazame mtu aliyesimama juani. Shavu linalopigwa na jua limeelekea uchungwa. Upande wa kivuli una wekundu mzito, wakati mwingine zambarau. Paji la uso linapong'aa linashika samawati ya anga, na akikaa chini ya mgomba, kidevu kinaingia ukijani. Kwa hiyo ukitafuta rangi ya kivuli, usishushe mwanga tu. Sogeza kidole kidogo kuelekea wekundu.

Hili si la urembo tu. Kuna mama mmoja hapa alileta picha ya studio ya marehemu mumewe, nyeusi na nyeupe, itiwe rangi. Aliyeipokea akampaka mzee weusi wa mkaa. Mama akasema huyu si mume wangu, mume wangu alikuwa maji ya kunde. Malipo yakaota mbawa. Kijana wa pili alikuwa na akili: aliuliza nani kafanana na mzee, akaonyeshwa mtoto wa kiume, akaupiga picha mkono wake kivulini mchana na kuanzia hapo. Mama aliiangalia ile picha muda mrefu bila kusema kitu. Alilipa.

Programu zipo. Kwenye simu kuna ibisPaint, ya bure ina matangazo, vumilia. Mwenye kompyuta atafute Krita, nayo ya bure. Cha kujua mapema ni leya. Hizo ni kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mistari juu, rangi za kawaida chini yake, kivuli kwenye leya yake peke yake ukiiweka hali ya maltiplai. Ukiharibu kivuli unafuta hicho tu, sura inabaki salama.

Sasa mtihani ninaoupenda. Weka leya juu ya zote, ijaze nyeusi, ibadili iwe hali ya kala. Picha yote inageuka kijivu. Hapo ndipo utashangaa: kokoa nyekundu uliyoiona inawaka kwenye majani ya kijani imepotea kabisa! Wekundu na ukijani ule vilikuwa na giza sawa. Ongeza mwanga upande wa tunda unaopigwa na jua, halafu ondoa ile leya. Kokoa ya njano haina shida hiyo, yenyewe inajitokeza tu.

Na punguza uroho. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kopo, chache, na dunia nzima ikamjua. Simu yako ina rangi zaidi ya milioni 16, wewe unataka kuzitumia zote kwenye shati moja! Chagua nne au tano, ucheze nazo.

Kabla hujaanza, zima ile taa ya usiku inayofanya skrini iwe ya manjano, la sivyo kila unachopaka kitakudanganya. Kama kazi itachapwa, anza na ukubwa wake: A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa WhatsApp itume kama hati, ukiituma kama picha inabanwa na kupoteza ubora. Halafu skrini inatoa mwanga, wino hautoi. Ile bluu kali ya Ziwa Nyasa uliyojivunia itafifia kwenye tisheti, kwa hiyo omba wakuchapie kipande cha majaribio kwanza. Na nusu ya mshiko chukua kabla hujagusa brashi.