Mfugaji, jifunze kuiagiza kompyuta ikulindie mtaji

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafugaji wengi wa kuku wa mayai wanalo daftari, lakini bado mtaji unapotea. Sababu ni kwamba daftari hutunza hesabu tu, halimshtui mwenyewe. Kuku wakipunguza kutaga kidogo kidogo, mfugaji huendelea kununua chakula kama kawaida. Siku anapozinduka, fedha za vifaranga wapya zimekwishaliwa.

Kazi ya kushtua inaweza kufanywa na kompyuta, au hata simu ya kisasa, iwapo mfugaji atajifunza kuipa maagizo. Huko ndiko kuandika programu, na si kazi ya wasomi wa chuo kikuu peke yao.

Mambo matatu ya kuanzia

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Anayeanza aelewe mambo matatu: mfuatano, sharti na marudio. Mfuatano ni kutanguliza la kwanza kabla ya la pili. Sharti ni kuchagua: ikiwa hali ni hii fanya hivi, la sivyo fanya vile. Marudio ni kurudia kazi ileile. Mfugaji anayajua yote: hupima chakula kisha huwapa kuku, akiona aliyezubaa humtenga, na kesho huanza upya.

Mfano wa kuku 200

Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, hivyo kuku 200 hula kilo 24. Tuseme kilo moja ni Sh1,200. Chakula cha siku kitagharimu Sh28,800. Trei ya mayai 30 ikiuzwa Sh9,000, yanahitajika mayai 96 kila siku kulipia chakula tu, kabla ya dawa, taa na kibarua. Bei hizi ni za mfano. Weka za sokoni kwako.

Sasa fungua lahajedwali. VisiCalc, programu ya aina hii, ilianza kuuzwa mwaka 1979, na leo ipo LibreOffice inayopatikana bure. Mstari wa kwanza andika vichwa. Katika mstari wa pili, A2 iwe tarehe, B2 idadi ya kuku, C2 bei ya kilo ya chakula, D2 bei ya trei na E2 mayai ya siku hiyo. Kisha andika:

F2: =B2*0.12*C2
G2: =E2/30*D2
H2: =IF(G2<F2,"HASARA","SAWA")

F2 ni gharama ya chakula, G2 ni thamani ya mayai, na H2 ndilo sharti. Ukiokota mayai 120, G2 itaonyesha 36,000 na H2 itasema SAWA. Yakishuka hadi 90, G2 itakuwa 27,000 na utasoma HASARA. Buruta fomula hizo kwenda chini kwa siku zijazo. Hayo ndiyo marudio. Baadhi ya kompyuta hutaka nukta mkato badala ya mkato ndani ya fomula.

Kompyuta haijui kuku

Ukikosea ukaandika 1.2 badala ya 0.12, kompyuta itakuambia chakula ni Sh288,000 bila kushangaa. Hutii ulichoandika, si ulichokusudia. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa namba ulizokwisha kuzikokotoa kwa mkono. Majibu yasipolingana, kagua fomula moja moja. Kuku wakifa, badili idadi siku hiyohiyo.

Neno SAWA nalo lisikulevye. Linamaanisha chakula kimelipiwa tu. Ongeza safu ya dawa na vibarua ili upate faida halisi.

Ukizoea, unaweza kuendelea na lugha kama Python, iliyotolewa mwaka 1991 na isiyolipiwa. Mfuatano, sharti na marudio utayakuta humo pia. Muuza duka naye anaweza kutumia njia hii kwa bidhaa zake. Anza na swali moja linalokunyima usingizi: je, leo nimekula faida au mtaji?