Nchi ya Kamera na Mashimo

Nyumba ninayoishi ilijengwa juzijuzi tu, mahali palipokuwa na gereji ya mabasi. Lakini kodi ya halmashauri ninayoilipia haihusiani na bei yake ya leo. Inatokana na makisio ya bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, siku ambayo hapakuwa na sebule wala jiko, palikuwa na mabasi na oili iliyomwagika. Ndivyo sheria ya England inavyotaka: nyumba zote zipangwe madaraja kwa thamani ya mwaka 1991, hata ile iliyokamilika mwaka jana. Serikali zimekuja na kuondoka, za Conservative na za Labour, na hakuna iliyothubutu kuigusa. Atakayeigusa atapandisha bili ya mtu, na mtu huyo anapiga kura.

Na mimi napiga kura. Wengi nyumbani hawalijui hili: Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Jirani yangu Mjerumani, aliyekaa hapa miaka mingi kunishinda na anayelipa kodi kubwa kunishinda, haruhusiwi. Kwa hiyo nikilalamika, msinichukulie kama mgeni anayeshangaa theluji. Nalalamika kama abiria anayedai chenji yake.

Shangazi yangu wa Tanga haelewi. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba, nikigusia tu habari za barabara ananikatiza: "Mwanangu, si uko Ulaya wewe? Barabara za huko zina nini?"

Zina mashimo, shangazi. Mwaka 2024 wenye viwanda vya lami walikadiria kwamba kuzirudisha barabara za halmashauri za England na Wales katika hali nzuri kunahitaji zaidi ya pauni bilioni 16. Shimo la mtaani kwetu lipo kwenye kona, karibu na sanduku la posta. Alikuja kijana wa halmashauri na koti lake la kung'aa, akalipima, akalipiga picha, akalizungushia rangi nyeupe, akaondoka. Rangi ile ndiyo alama kwamba shimo limeonwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu. Zikaja mvua, zikaja baridi, rangi ikafutika, shimo likabaki. Akarudi kijana mwingine akalizungushia rangi upya, na safari hii duara lilikuwa kubwa zaidi, maana shimo nalo lilikuwa limekua.

Usidhani basi kwamba nchi hii haina macho. Niliegesha gari kwenye maegesho ya duka kubwa, yanayosimamiwa na kampuni binafsi. Nikamaliza ununuzi, nikaenda kwenye zile mashine za kujilipia mwenyewe. Mashine ikashikilia kwamba kuna kitu isichokitambua kwenye mfuko wangu. Kilikuwa kitunguu. Nikasimama nikimngoja mhudumu, mmoja kwa mashine zote, aje kuithibitishia kwamba ni kitunguu. Nikatoka nimechelewa kidogo. Haikupita wiki, barua ikaingia mlangoni ikiwa na picha mbili za gari langu, moja likiingia na moja likitoka, na saa imeandikwa mpaka sekunde. Pauni 100, au 60 nikilipa ndani ya siku 14. Jina na anwani yangu kampuni iliyapata kwenye mamlaka ya serikali ya leseni za magari, ambayo huyatoa kwa ada ya pauni 2 na nusu kwa kila gari. Nikakata rufaa nikieleza habari ya kitunguu. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba masikitiko yangu yameeleweka, na kwamba deni liko palepale.

Faini nililipa, yakaisha. Kinachonikereketa ni uwiano. Mwaka 2023 kampuni za maji za England zilimwaga maji taka yasiyosafishwa kwenye mito na bahari kwa jumla ya saa milioni 3.6. Saa, si dakika. Kampuni hizo zilibinafsishwa mwaka 1989, na tangu wakati huo wenye hisa wamelipwa gawio vizuri huku mabomba yakizeeka. Mimi na kitunguu changu tulikamatwa ndani ya wiki.

Ukitaka kuona ubaya wa jicho hilo, soma kisa cha ofisi za posta. Kuanzia mwaka 1999 mpaka 2015, watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta, wengi wao wakiwa wenye maduka vijijini na mitaani, walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo kwa sababu programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wapo waliofungwa. Wapo waliouza nyumba ili walipe deni la kubuniwa na kompyuta. Wapo waliojiua. Waandishi wa habari walilipigia kelele jambo hili kwa miaka, mahakama ikasema programu ina kasoro, na bado mambo yakaenda mwendo wa kobe. Kilichoishtua serikali ni tamthilia ya televisheni kuhusu kisa hicho, iliyoonyeshwa Januari 2024. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Nchi yenye majaji wenye mawigi ilihitaji waigizaji ili iamini watu wake.

Kwenye fedha kubwa, jicho halioni kabisa. Sisi wa Afrika Mashariki tuliufuatilia kwa karibu mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, uliotangazwa na Waziri Mkuu Boris Johnson Aprili 2022. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema Rwanda si salama kwa waomba hifadhi hao. Jibu la serikali ya Rishi Sunak lilikuwa kutunga sheria inayotamka kwamba Rwanda ni salama. Ikapita. Labour walipoingia madarakani wakauzika mpango wote, na Waziri wa Mambo ya Ndani akaliambia Bunge kwamba zimetumika pauni milioni 700. Waliopelekwa walikuwa wanne, nao walikwenda kwa hiari yao. Na reli ya mwendo kasi ya HS2, iliyokuwa ifike Manchester? Sunak aliikatia Birmingham mwezi Oktoba 2023, na tangazo hilo alilitoa akiwa Manchester kwenyewe, ndani ya ukumbi ambao zamani ulikuwa stesheni ya treni. Mtu akiyaandika hayo kwenye riwaya, mhariri atamwambia amezidisha chumvi.

Mwaka 2022 nchi hii ilikuwa na mawaziri wakuu watatu. Liz Truss alidumu siku 49, lakini bajeti yake ndogo iliyumbisha masoko, na wenye mikopo ya nyumba wakaumia. Watu wakasubiri uchaguzi kwa hamu, na ulipofika Julai 2024, Labour ikapata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Reform UK ilipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats, wenye asilimia 12.2, wakapata viti 72. Sina mapenzi na Reform, na wanayoyasema kuhusu watu kama mimi nayasikia vizuri, lakini hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano ataihoji.

Mzee wa mlango wa pili ni mstaafu. Ukimwuliza hali, atakujibu kwamba hana la kulalamika, kisha atalalamika nusu saa nzima. Ndiyo desturi yao. Aliipigia Labour, na mwezi huohuo wa uchaguzi Rachel Reeves, Waziri wa Fedha, akatangaza kuwaondolea wastaafu karibu milioni 10 posho ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Mwaka uliofuata serikali ikageuka, ikairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Mzee akapata posho yake. Hasira haikuondoka. "Wangeniacha tu, bwana," aliniambia, "ningewapigia tena."

Kupiga kura nako kumekuwa na vituko. Tangu mwaka 2023 sharti uonyeshe kitambulisho chenye picha. Kadi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya treni ya kijana haikubaliwi. Sababu anayeijua ni aliyetunga kanuni. Pasipoti ya Tanzania inakubaliwa, kwa ile habari ya Jumuiya ya Madola, na karani wa kituo changu aliitazama picha yangu, akanitazama, akanipa karatasi bila neno. Boris Johnson, ambaye sheria hiyo ilipita chini ya serikali yake, alifika kituoni Mei 2024 bila kitambulisho na akarudishwa nyumbani akakichukue. Karani yule aliyemrudisha namvulia kofia.

Kabla ya uchaguzi wa mwisho mgombea mmoja alinigongea mlango, akaniuliza kama anaweza kutegemea kura yangu. Nikamtoa nje mpaka kwenye kona, nikamwonyesha shimo. Akaliangalia kwa huruma. Akasema lingekuwa mikononi mwake lingeshazibwa, ila hilo ni la halmashauri, na halmashauri ndiyo inayotuangusha. Halmashauri yetu inaongozwa na chama chake.