Je, Wajua? Vita vya Msituni Vilivyoamuliwa Eastlands

Je, wajua kwamba jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza? Haikupita hata miaka 40, wakazi wa Kariokor, Pumwani, Shauri Moyo na Bahati wakawa wanalibebea mizigo jeshi jingine: Mau Mau, lililopigana na Waingereza haohao msituni. Risasi, bunduki za wizi, dawa, viatu, pesa za michango, na vijana wa kujaza nafasi za waliokufa. Msitu ulipumulia hapa, na ndiyo sababu nasema vita vile viliamuliwa hapa Eastlands, si kwenye msitu wa Nyandarua.

Je, wajua kwamba viongozi waliondolewa kabla vita havijapamba moto? Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walidai uhuru hadharani. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Kubai, Bildad Kaggia na Jomo Kenyatta walikamatwa usiku huohuo. Amri ikahamia kwa vijana wa msituni.

Je, wajua kwamba Jenerali China wa Mau Mau, jina lake halisi Waruhiu Itote, alijifunza vita Burma akiwa askari wa Mwingereza? Alikamatwa tarehe 15 Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha akaponea kwa kukubali kuwaandikia wenzake wa Mlima Kenya wafanye mazungumzo. Mazungumzo yalivunjika Aprili.

Viongozi wa wapiganaji wa Nyandarua nao walikuwa wamegawanyika. Februari 1954 Dedan Kimathi alichaguliwa Waziri Mkuu wa Bunge la Kenya, lililoketi msituni. Stanley Mathenge hakukubali kuwa chini yake. Kimathi alitaka kumbukumbu, vyeo na barua. Wafuasi wa Mathenge, wengi wao wasiojua kusoma, waliona kalamu inawanyang'anya heshima waliyoipata kwa bunduki. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Je, wajua kilichotokea alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954? Jenerali George Erskine, aliyekabidhiwa jeshi la Waingereza Juni 1953, alikuwa ameng'amua kwamba kupigana msituni huku Nairobi ikiwa wazi ni kuteka maji kwa pakacha. Askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji. Operesheni iliitwa Anvil, yaani fuawe. Nyumba baada ya nyumba, mtaa baada ya mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje na kupangwa foleni mbele ya gakunia: mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umekwisha. Hukumjua, hukuweza kumjibu. Wanaume zaidi ya 20,000 walipelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani, wengi bila kufikishwa mahakamani. Maelfu ya wanawake na watoto walirudishwa mashambani.

Baada ya hapo risasi zikaadimika msituni, na vikosi vikakatikiwa mawasiliano.

Je, wajua kwamba vita hivi vilikuwa pia vya ndugu kwa ndugu? Homugadi, wanamgambo waliokuwa upande wa serikali, walitoka vijiji vilevile walikotoka wapiganaji. Waliojisalimisha walirudishwa msituni kuwawinda makamanda wao wa jana, mbinu iliyokolea baada ya Gerald Lathbury kumrithi Erskine mwaka 1955. Mwaka huohuo Mathenge alitoweka, wala hakuonekana tena. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Aliyempiga alikuwa polisi Mkikuyu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Je, wajua kwamba Musa Mwariama wa Meru hakukamatwa kamwe? Alitoka msituni Desemba 1963, bendera ya Kenya ikiwa imepandishwa.

Makamanda wana barabara zenye majina yao. Barabara ya General Waruinge inapita papa hapa Pumwani. Mama aliyeficha risasi ndani ya kikapu cha mboga hana. Kama nyanya yako aliishi Bahati au Shauri Moyo mwaka 1954, mwendee wiki hii, mketi naye, na uandike anayokumbuka.