Geto Likiwa Ofisi: Kompyuta ya Kipande Kimoja na Vita ya LUKU

Wengi wetu tukipata bumu tunawaza laptopu. Mimi mwaka jana niliwaza tofauti. Nilikuwa nimeshachoka kulipia kompyuta za steshenari kila nikitaka kuchapa andalio la somo au azimio la kazi, na nilishaona kwamba pale Butimba ninapopanga kuna wateja: walimu wenye mitihani ya kuchapwa, wanachuo wa mwaka wa mwisho wenye ripoti za utafiti, vijana wanaotafuta kazi na hawana wasifu. Nikachukua bumu, nikaongeza hela niliyoweka kidogo kidogo, nikanunua kwa laki nne na themanini kompyuta ya mezani iliyotumika, zile zisizo na boksi chini ya meza. Wauzaji wa mjini wanaziita oli-in-wani. Mimi naiita ya kipande kimoja.

Makala hii ni kwa yeyote anayetaka kufanya geto lake liwe ofisi. Nitaeleza mashine yenyewe, halafu niseme yaliyonikuta, maana muuzaji hatakuambia.

Ni mashine gani hii

Katika kompyuta hii kila kitu kimo nyuma ya kioo: prosesa, memori, diski, spika, na mara nyingi kamera. Unaweka kibodi na mausi, unachomeka waya mmoja wa umeme, basi. Wazo hili si geni. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa hivyo hivyo, na iMac ya 1998 ndiyo iliyowafanya watu wengi duniani waipende. Hizi tunazozikuta madukani kwetu nyingi ni HP, Dell na Lenovo zilizotumika maofisini nje ya nchi.

Faida yake kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi unaiona siku ya kwanza. Meza ndogo inatosha. Kioo ni kikubwa, inchi 21 hadi 24, unafungua kurasa mbili za ripoti kwa pamoja bila kukodoa macho. Na kibaka hawezi kuitia kwenye begi akaondoka nayo kirahisi kama laptopu.

Hasara zake nazo zijue. Ndani ina vifaa vingi vya aina ya laptopu, lakini haina betri. Kioo kikifa, ofisi nzima imekufa, kwa sababu huwezi kuazima kioo cha jirani ukachomeka na kuendelea kama kawaida, isipokuwa mashine yako iwe na tundu la kutolea picha nje. Memori na diski fundi anaweza kukuongezea, mengine yote ni kazi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya haya palepale dukani. Fungua ukurasa mweupe ujaze kioo chote, utafute madoa na mistari. Iwashe nusu saa, usikilize feni. Ingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa, uone kama wenye mashine wa zamani hawakuacha nywila. Uliza kama ina Wi-Fi ndani, maana baadhi ya zile za maofisini zilikuwa zinatumia waya tu. Yangu haina, natumia simu kwa kebo ya USB kupata intaneti. Na angalia prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa jumla, kuanzia kizazi cha nane. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, mara nyingi sababu ni hiyo.

Vita ya LUKU

Nyumba tunayopanga ina vyumba nane na mita moja. Kila chumba kilikuwa kinatoa elfu tano kwa mwezi. Wiki ya pili baada ya mashine kuingia, uniti zikaisha mapema. Mama wa chumba cha mbele akanisimamisha uani: "Ticha, hiyo televisheni yako kubwa inakula umeme wetu. Wewe utoe elfu kumi na tano." Wengine wakaitikia. Nilijaribu kubisha, lakini sikuwa na hoja. Nilikuwa na hasira tu.

Ikabidi nirudi kwenye fizikia ya sekondari. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima kinakula uniti moja. Cha wati 100 kinahitaji saa kumi. Adapta ya mashine yangu imeandikwa wati 120, lakini hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, siyo inachotumia muda wote.

Jumapili moja, wengi wakiwa kanisani, nikaomba wenye friji wachomoe kwa saa mbili. Nikazima kila kitu, nikabaki na kompyuta peke yake, nikataipu. Mita ilishuka kwa uniti 0.11. Hiyo ni kama wati 55. Mimi nafanya kazi wastani wa saa tano kwa siku, kwa hiyo kwa mwezi ni uniti 8 na robo. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, uniti ni Sh 292, na ukiweka kodi na tozo inafika kama Sh 356. Jumla haifiki elfu tatu.

Jioni nikatoka na daftari langu kama wakili. Nikawaonyesha hesabu mstari kwa mstari. Mzee mmoja fundi seremala, ambaye huwa haongei sana, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Vizuri, mwanangu. Na hita yako ya maji je?"

Hita sikuwa nimeipigia hesabu. Imeandikwa wati 1,500. Naichemshia maji ya chai asubuhi na ya kuoga usiku, kama dakika ishirini zote kwa siku. Tukapiga pale pale: nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi, zaidi ya elfu tano. Yaani kitu ambacho nilikuwa nacho tangu mwaka wa kwanza, kisichoonwa na mtu, kilikuwa kinakula karibu mara mbili ya kompyuta iliyokuwa inaninyima usingizi. Watu walicheka, na mimi nilicheka kwa aibu.

Tukakubaliana hivi: mimi natoa elfu nane. Elfu tatu ni ya kompyuta, kwa sababu inaniingizia hela na si haki majirani wanilipie mtaji. Hita nimeweka pembeni, nachemsha kwa gesi. Na wenye pasi na friji nao wamepigiwa hesabu. Ukileta mashine kwenye nyumba ya mita moja, piga hesabu kabla hujaulizwa, na uanze na vya kwako.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo nilipolipa ada. Mwanachuo mmoja alinipa sura ya nne ya ripoti yake, kesho yake asubuhi anaikabidhi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa 14 sijasevu hata mara moja. Giza likaingia mtaa mzima. Kwenye laptopu ungeendelea na betri. Mimi nilibaki nakitazama kioo cheusi. Word kwa kawaida hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10, lakini aliyekuwa na mashine kabla yangu alikuwa amekizima kipengele hicho. Umeme ulirudi saa saba usiku, nikaanza upya mpaka jogoo wanawika.

Siku hizi nina UPS ya VA 650. Ilipokuwa mpya ilinipa kama dakika 25, muda wa kumaliza aya, kusevu na kuzima kwa heshima. UPS siyo jenereta; usiiwekee printa ya leza, itazidiwa. Nimewasha nakala ya dharura ya kila dakika moja, na vidole vimezoea Ctrl na S kama mtu anayemeza mate.

Kioo kikubwa kina macho mengi

Mwanzoni niliweka meza ikitazama dirisha, kioo kikitazama mlango. Siku hiyo nachapa mtihani wa nusu muhula wa kidato cha pili, binti wa jirani akaja kuomba kuchaji simu. Akasimama nyuma yangu. Nilipogeuka nikakumbuka anasoma kidato cha pili, shule ile ile.

Sijui alisoma nini. Ningeweza kunyamaza. Lakini mimi mwenyewe mwakani nitakuwa natunga mitihani, na sikutaka kuanza ualimu hivyo. Nikampigia mwalimu, nikamweleza. Alikasirika, haki yake. Akabadilisha maswali ya sehemu B yote, nikachapa upya bure. Hakuniondoa kwenye orodha ya watu wake, na sasa analeta kazi akijua nitamwambia likitokea la kutokea.

Meza nimeigeuza: mgongo wangu uko ukutani, kioo hakionekani mlangoni. Nikinyanyuka nabonyeza kitufe cha Windows na L, kioo kinajifunga. Kila mteja ana folda yake, na kazi ikishachukuliwa naifuta baada ya wiki. Wasifu wa mtu una namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na steshenari ya chumbani haikuachwa nje kwa sababu ni ndogo.

Mwili na wadudu

Kioo cha mashine hii nyingi hakipandi. Nimeweka rimu mbili za karatasi chini yake, ukingo wa juu ulingane na macho, na nakaa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila dakika 20 naangalia mawe ya mlimani kwa sekunde 20.

Na kwa sisi wa kando ya ziwa kuna wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi na kufuata mwanga. Usiku wakitokea, kioo cha inchi 23 ndiyo taa kubwa kuliko zote chumbani. Wanaingia kwenye matundu ya feni, wanakufa humo, vumbi linawashika, mashine inapata joto. Funga dirisha au weka wavu, punguza mwanga, na kila mwezi zima, chomoa, piga matundu kwa brashi laini ya rangi.

Mtaji bado haujarudi wote. Mwezi uliopita, baada ya kutoa elfu nane ya LUKU, karatasi na wino, nilibaki na hela ya nauli na chakula cha wiki mbili. Mama wa chumba cha mbele juzi alileta kazi ya kuchapa, barua ya kikundi chao cha kuweka akiba. Alisimama upande wa ukutani, akaangalia mita uani, akaniuliza barua moja ni senti ngapi za umeme. Nikachukua daftari.