Dubu Mweusi: Tafuta Kwanza Anachokula

Jirani yangu hapa Missoula, jimbo la Montana, ni mzee aliyekulia Kivu. Familia za Wakongo zilianza kupewa makazi katika mji huu mwaka 2016, na Jumamosi hukutana sokoni, Kiswahili chao cha Bukavu kikichanganyika na changu cha Tanga. Aprili iliyopita mzee aliniona napakia darubini garini. "Mwalimu," akaniuliza, "ile dubu inakaaka wapi?" Nikamjibu kwa swali, ingawa si adabu kumjibu mzee hivyo: "Mzee wangu, wiki hii mlimani kumeota nini?"

Swali hilo ndilo mzizi wa uwindaji wa dubu mweusi, na anayeanza akilishika ataokoa siku nyingi za kutembea bure. Ninaandika juu ya magharibi mwa Montana kwa kuwa ndiko ninakowinda. Misitu ya Maine au Minnesota ina desturi zake na sheria zake.

Sisi tulikotoka, dubu ni mnyama wa kusikia tu. Hata jina tumelipata kwa Waarabu, na wengi tulikutana naye mara ya kwanza katika kisa cha Daudi akiokoa kondoo wa baba yake. Afrika ilikuwa na dubu kwenye milima ya Atlas, lakini inaaminika walikwisha katika karne ya 19. Kwa hiyo maarifa ya porini tuliyorithi kwa babu zetu yanamjua swala, nguruwe na chui, wala hayamgusi huyu. Dubu mweusi yuko Amerika Kaskazini peke yake, kuanzia Kanada hadi Mexico, na idadi yake inakadiriwa kati ya 600,000 na 900,000. Jina lake nalo linapotosha. Huku milima ya magharibi wengi ni wa kahawia, wengine rangi ya mdalasini, wengine karibu na manjano. Pwani ya British Columbia wako hata weupe. Nitarudi kwenye jambo hili la rangi, maana limewaingiza watu mahakamani.

Sasa tumbo lake. Dubu anaweza kukaa pangoni hadi miezi 7 bila kula, kunywa wala kujisaidia. Utafiti uliofanywa Alaska na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwili wake wakati huo hutumia nguvu kama robo tu ya kawaida, huku joto lake likishuka nyuzi chache tu. Hapo pangoni, katikati ya baridi, ndipo jike huzaa, kwa kawaida watoto wawili, kila mmoja akitosha kwenye kiganja. Theluji ikianza kuyeyuka, madume hutangulia kutoka, Machi na Aprili. Jike mwenye watoto hutoka mwisho.

Anapotoka hana meza iliyoandaliwa. Matunda bado, wadudu bado. Kilichopo ni majani: nyasi changa, klova, maua ya manjano ya dandelioni. Tena tumbo lake si la ng'ombe. Hacheui, na nyasi ikishakomaa haimfai kitu. Anahitaji ile iliyochipua juzi, laini, yenye protini. Nayo hainyweshwi na kalenda bali na theluji: inachipua chini ya mlima kwanza, kisha theluji ikirudi nyuma nayo inapanda. Dubu anaifuata. Ukiutazama mlima wa Mei utauona mstari huo wa kijani kibichi, juu yake weupe, chini yake nyasi zilizokwisha kurefuka. Wiki ya kwanza uwe kwenye kimo fulani, na wiki ya tatu upandishe macho mita mia kadhaa. Mwindaji anayerudi mwezi mzima mahali palepale kwa sababu alimwona dubu hapo siku ya kwanza anawinda kumbukumbu.

Mteremko upi? Kwetu karibu na ikweta jua halina upendeleo mkubwa, lakini huku linapita upande wa kusini mwaka mzima. Kwa hiyo miteremko inayotazama kusini huvuliwa theluji mapema na kuota mapema. Anzia hapo. Tafuta mikondo ambamo maporomoko ya theluji yamefagia miti, na sehemu zilizokatwa mbao miaka ya nyuma. Tafuta zaidi barabara za zamani za magogo zilizofungwa kwa geti, kwa kuwa udongo wake ulipandwa nyasi na klova kuzuia mmomonyoko. Barabara ya namna hiyo ni shamba la dubu. Ukiipita kwa mguu tazama chini: kinyesi cha kijani chenye nyuzi za nyasi, kikiwa bado kibichi, kinakwambia mengi kuliko ramani yoyote. Magogo yaliyochanwa na mawe yaliyopinduliwa ni kazi ya dubu aliyekuwa akitafuta sisimizi na mabuu.

Kiangazi matunda ya porini huiva na dubu hutawanyika. Mapukutiko ndiyo karamu yenyewe. Kabla ya kurudi pangoni anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, na huko ambako mialoni ni mingi kokwa zake humkusanya. Huku kwetu ni beri za zambarau za mlimani. Mwaka zikikosa kuzaa, dubu hushuka mijini kwenye mapipa ya taka, na hapo hakuna uwindaji tena, ni msiba tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilitembea siku 9 bila kumwona hata mmoja. Nilifunzwa kazi ya wanyamapori Tanzania, ambako tulifuata nyayo, na nikadhani miguu ndiyo itakayonifikisha. Mwaka wa pili mwenyeji mmoja alinikalisha chini. Alinionyesha namna ya kuchagua kilima kinachotazamana na mteremko wa kijani, kilomita moja hivi ng'ambo ya bonde, kuifunga darubini kwenye kiegemeo cha miguu mitatu, na kuketi. Darubini ya 10x42 inatosha kuanzia, na ni heri fedha yako iende huko kuliko kwenye bunduki. Pitisha macho polepole, kipande kwa kipande, kisha uanze upya, kwa sababu dubu anayekula huingia na kutoka nyuma ya vichaka. Kisiki ulichokipita saa kumi huenda kikawa kimehama saa kumi na robo. Saa mbili za mwisho kabla ya giza ndizo zenye baraka kubwa. Watu wengi huondoka wakati huo kwa njaa na baridi.

Kisa kinachojulikana zaidi cha dubu mweusi kinatokana na subira iliyokatika. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt alikwenda Mississippi kuwinda. Kiongozi wa msafara alikuwa Holt Collier, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, bingwa wa dubu asiye na mfano. Collier alimweka rais mahali akamtaka asubiri, mbwa watamleta dubu hapohapo. Muda ukapita, Roosevelt akarudi kambini kula, na dubu akatokea palepale alipoambiwa. Collier akamfunga kwenye mti ili rais aje ampige. Roosevelt alipofika akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Dubu alikuwa ameumia, akamalizwa kwa kisu. Mchora katuni Clifford Berryman alilichora tukio hilo kwenye Washington Post, na kutokana nalo akazaliwa yule mwanasesere dubu ambaye watoto wetu hulala naye. Miaka sita na ushei baadaye, Aprili 1909, Roosevelt huyohuyo alishuka Mombasa kuanza safari yake maarufu. Watu humkumbuka rais. Mimi humkumbuka Collier, aliyejua dubu atapita wapi kabla dubu mwenyewe hajaamua.

Umemwona sasa. Yuko ng'ambo, anakula. Kabla ya kusogea, pima upepo, maana pua yake inashinda macho yake na masikio yake. Milimani upepo una ratiba. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni, jua likishapasha mteremko hewa hupanda, na jioni hugeuka tena kushuka. Mvuvi wa Tanga anayetoka na umande na kurudi na upepo wa bahari hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye awe joshini, wewe uwe demani, na upepo ukigeuka katikati ya safari, rudi. Kesho atakuwa hapohapo kama hujamfukuza kwa harufu yako.

Kisha kuna kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo ngumu kupita zote, nayo haihitaji risasi: kujua unamtazama nani. Montana ina dubu wa pili, grizli, aliyewekwa chini ya ulinzi wa sheria ya taifa tangu 1975. Kumwua kwa kudhani ni mweusi ni kosa, na kama nilivyosema, rangi haisaidii. Tazama mabega: grizli ana nundu. Tazama uso kutoka ubavuni: wa grizli umebonyea kati ya macho na pua, wa mweusi umenyooka. Kucha za mbele za grizli ni ndefu, zinaacha alama mbali na vidole kwenye tope. Usitegemee dalili moja. Jimbo halikuuzii leseni ya dubu mweusi mpaka ufaulu mtihani wa kuwatofautisha, na ningefurahi kama kila mwindaji angeurudia kila mwaka hata asipolazimishwa. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu liwe kiunoni, si ndani ya mkoba.

Swali la pili ni la watoto. Sheria inakataza kumpiga jike aliye na watoto, na pia watoto wenyewe. Lakini jike hupenda kuwapandisha watoto juu ya mti na kwenda kula peke yake, kwa hiyo unayemwona peke yake huenda si mpweke. Nina kanuni yangu: nusu saa ya kutazama bila kugusa bunduki. Mwaka juzi dakika ya ishirini na kitu ilishuka mipira miwili myeusi kutoka kwenye msonobari, na mikono yangu ikatetemeka kwa kufikiria kile ambacho ningekifanya. Ndiyo maana siwadharau wanaopinga uwindaji wa majira ya kuchipua. Wapiga kura wa Colorado waliukomesha mwaka 1992, na sababu mojawapo ilikuwa hao yatima. Hapa unaruhusiwa, basi mzigo wa kusubiri unakuwa wa mwindaji. Masikio husaidia kukadiria umri: yakionekana makubwa na yaliyosimama juu ya kichwa, dubu ni mdogo. Kwa dume mzima yanaonekana madogo, yamekwenda pembeni, na tumbo linakaribia nyasi.

Kuhusu bunduki nitasema kidogo. Ile ya kuwindia kulungu, .270 au .308, inatosha. Asimame ubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, katikati ya kimo cha mwili. Ukilenga chini kama kwa swala, unapiga manyoya. Mafuta yake huziba jeraha na damu haidondoki sana, kwa hiyo kumfuata aliyejeruhiwa kichakani jioni ni jambo la kuepuka kwa gharama yoyote. Ukiwa na shaka na umbali, usipige.

Karatasi nazo: lazima uwe umeishi jimboni siku 180 upate bei ya mwenyeji, na aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1985 awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kuweka chambo ni marufuku Montana, ingawa Maine kunaruhusiwa. Ukiua, unatoa taarifa ndani ya saa 48. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huohuo. Nyama haiuzwi, na nyongo usiiguse kibiashara kabisa, maana biashara hiyo imewaumiza sana dubu wa Asia.

Mzee jirani alikuwa na swali la nyama. Inaliwa, na ya dubu wa majani na beri ni tamu. Kwa Mwislamu, dubu ni mnyama wa chonge na wanazuoni wengi humhesabu haramu. Kwa wengine hatari ni minyoo aina ya trikinela. Usiamini friji. Julai 2022 familia moja ilikutana South Dakota ikala mishikaki ya dubu aliyewindwa Saskatchewan, nyama iliyokaa kwenye barafu siku 45. Haikuiva vizuri, na sita wakaugua, wawili kati yao wakiwa wamekula tu mboga zilizopikwa pamoja na nyama hiyo. Minyoo ya kaskazini haifi kwa barafu, inakufa kwa moto. Nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya pande, kwa kipimajoto. Rangi ya nyama si ushahidi. Mimi huipika mchuzi, saa tatu jikoni, na mishikaki nawaachia mbuzi. Ngozi ivuliwe mapema, hata kama ni usiku, kwa sababu manyoya na mafuta hushika joto na nyama huharibika upesi.

Mwaka jana nilipompeleka dume wangu kukaguliwa, afisa alimng'oa jino dogo nyuma ya chonge. Jino hilo hukatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, na kila baridi aliyolala pangoni imeacha mstari, kama mti. Kwa jike, miaka aliyolea watoto mistari huwa myembamba zaidi, kwa kuwa mwili ulikuwa ukitoa kuliko kuweka. Majibu yalipokuja nilimsomea mzee: mistari 9. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba darubini, akaielekeza kwenye mteremko ulio juu ya mji, ambako theluji ilikuwa imeanza kurudi nyuma.